Nchi Isiyoanguka

Ukitaka kuiona nchi ya Pepesuko kama watawala wake wanavyopenda ionekane, sharti usimame mbali, ng'ambo ya mto Chururu, na uinamishe kichwa upande wa kulia kidogo. Hapo ndipo nyumba zake zinapoonekana zimenyooka. Nchi nzima imekaa juu ya udongo laini wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka kama kisigino cha mtembea pekupeku na masika huteleza kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Kwa hiyo hakuna ukuta usioegemea ukuta mwenziwe, na hata minazi yake imeinamiana vichwa kama watu wanaosengenya. Katikati ya ulegevu huo wote, juu ya kilima, umeketi mji mkuu ambao waasisi wake, kwa ujasiri au kwa kejeli, hakuna ajuaye tena, waliuita Wimani.

Aliyeitawala Pepesuko wakati wa kisa hiki alijulikana kwa jina moja tu, Mtukufu Mhimili. Alivaa joho jeupe lililoburura nyuma yake, lakini halikugusa ardhi kwa sababu vijana wanne walilibeba, nao walibadilishwa kila walipochoka ili lisije likateremka. Waliomzunguka walikuwa wajumbe wa Baraza la Viegemeo, wanaume walionenepa kwa kuegemea, nao pia walivaa meupe tangu kofia mpaka viatu. Weupe huo ulikuwa na maana yake. Ulitangaza kwamba mvaaji hajawahi kugusana na ardhi, na asiyegusana na ardhi, walisema Viegemeo, hawezi kuwa ameanguka.

Maana katika Pepesuko kuanguka kulikatazwa na Sheria ya Wima, na neno lenyewe lilifutwa katika vitabu vya shule. Nazi haikuanguka, ilishuka kukagua ardhi. Mwanafunzi hakuanguka mtihani, aliahirisha kufaulu. Mtu akiteleza barabarani, waliokuwa karibu waligeuza nyuso zao upesi, kwa kuwa kuona nako kulikuwa nusu ya kosa. Kitu kimoja tu katika nchi nzima kiliitii sheria hiyo kwa moyo mkunjufu, nacho ni bei ya unga, ambayo haikuwahi kuanguka hata siku moja.

Lakini udongo haukusoma sheria. Madaraja yaliendelea kukatika, visima kuporomoka, kuta kulala chini kama ng'ombe waliochoka. Na kwa kuwa haikuwezekana kusema nchi imeanguka, wala haikuwezekana kunyamaza watu wakiwa wamekaa juu ya vifusi, watawala walibuni njia ya katikati: kila balaa lilipotokea, walitangaza neno jipya la kuinuka. Hawakusema kilichotokea. Walisema tu kwamba tunainuka, na kila mtu aliachiwa akisie mwenyewe tunainuka kutoka wapi.

Mtunzi wa maneno hayo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye macho ya huruma na magoti dhaifu, jina lake Mwidau. Kabla ya kupandishwa ikulu alikuwa akitunga maneno ya kanga, yale ya upande wa chini ambayo mwanamke humtupia jirani yake bila kufungua kinywa, na alikuwa bingwa. Yasemekana kanga moja aliyoitunga iligombanisha mtaa mzima, na nyingine ikaupatanisha. Sifa zake zilimfikia Mtukufu Mhimili, akaitwa, akapewa nyumba yenye sakafu ya mbao, koti jeupe, na cheo cha Msanifu wa Maneno ya Kuinukia.

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. Daraja la Chururu lilipokatika, Mwidau alitoa neno *tunainuka*, na watu waliliimba. Nzige walipomaliza mashamba alitoa *tunachipua*. Mbuzi ndio waliofurahi peke yao. Alipotoa *tunazinduka*, Viegemeo walimshitaki kwamba amesema serikali ilikuwa imelala. Mwaka wa mafuriko alitoa *tunaibuka*, neno zuri kwa sikio, mpaka wavuvi wa mto walipokumbusha kwamba na maiti nayo huibuka. Kisha likaja *tunapata ahueni*. Kesho yake asubuhi watu walipanga foleni mbele ya ofisi za serikali wakiwa na ndoo, madebe na vibakuli, wakiuliza ahueni inagawiwa dirisha gani na kila kaya inapata kiasi gani. Foleni ile ilikuwa ndefu mno, ikabidi iundwe Wizara ya Ahueni, na uwaziri akapewa Bwana Pakacha, mjumbe wa Baraza mwenye shingo fupi na sauti ya asali. Jina lilimfaa: kila kilichotiwa ndani yake kilivuja njiani, na nafuu aliipata mchukuzi.

Neno la mwisho lililotolewa kabla ya kisa hiki lilikuwa *tunarejea hali yetu ya zamani*. Hilo liliondolewa siku ileile, kwa sababu watu walipolisikia redioni waliangua kilio.

Basi siku moja ya jua kali, paa la Soko la Tandabui, soko kuu la Wimani, lilishuka kukagua ardhi. Lilishuka lote, na mabati yake, na boriti zake, na viota vya njiwa. Mungu alikuwa na huruma: wachuuzi wengi walikuwa wametolewa nje kwa viboko wakaupigie makofi msafara wa Mtukufu uliokuwa ukipita. Waliosalia walipata michubuko, isipokuwa kijana mmoja aitwaye Kibwana, fundi wa mashine ya kusaga, ambaye boriti ilimvunja mguu. Serikali ilitangaza kwamba soko sasa lina hewa safi zaidi.

Kisha Mwidau akaitwa.

Mtukufu Mhimili alikuwa amesimama dirishani, maana hakukubali kuonekana ameketi hata na watu wa nyumbani mwake. Bwana Pakacha alikuwa kando yake, ameegama.

"Sikukuu ya Wima imekaribia," alisema Mtukufu bila kugeuka. "Nitahutubia palepale Tandabui, ili pasiwe na wa kusema ninapakwepa. Nataka neno."

"Tunanyanyuka, Mtukufu?"

"Limechakaa."

"Tunajikongoja?"

"Mwidau!" alifoka Pakacha. "Anayejikongoja ni kiwete. Unataka kusema nchi ni kiwete?"

"Tunajikwamua, basi."

"Tumekwama wapi?" aliuliza Mtukufu, na safari hii aligeuka. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mtu ambaye ukikutana naye kisimani utamsahau kabla ndoo haijajaa. Ni joho tu lililomfanya atishe. "Nataka neno ambalo halikiri chochote, halinidai chochote, na linawapa watu kitu cha kufanya. Usipolipata kabla ya sikukuu, utahamia Idara ya Pole."

Idara ya Pole ilikuwa chumba kisicho na dirisha ambamo maofisa waliokosana na Baraza walikaa kutwa wakiwaambia waliofikwa na maafa "pole sana, pole sana," mpaka mataya yakawakaza. Aliyewahi kutoka mle alikuwa akiwaambia pole hata kuku.

Alijifungia nyumbani akatafuta neno. Alilitafuta katika methali, katika nyimbo za unyago, katika dua za marehemu bibi yake. Yote aliyoyapata yalikuwa yamekwisha kutumika au yalikuwa na ukweli mwingi kupita kiasi. Mwishowe alifanya jambo ambalo hakulifanya tangu avae koti jeupe: alikwenda sokoni kusikiliza watu wanavyosema.

Tandabui hapakuwa na mfano. Wachuuzi walikuwa wamejibanza katikati ya vifusi, kila mmoja na kijipande cha turubai au mwavuli juu ya kichwa, nyanya zikiiva mara mbili kwa jua, samaki wakinuka kabla ya saa yao. Vumbi la plasta lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, jeupe na zito. Mwidau alitembea akiwa ametega sikio kama mwizi, na kwa sababu alitega sikio akasahau kutazama miguu yake. Alikanyaga kipande cha bati. Bati likateleza. Msanifu wa Maneno ya Kuinukia akapaa kidogo, akapinduka, na kutua kifudifudi ndani ya lundo la pumba.

Soko zima liligeuza uso. Muuza vitunguu alianza kukagua vitunguu vyake kimoja kimoja. Mzee aliyekuwa akinunua dagaa alitazama mawinguni, ambako hapakuwa na wingu.

Mtu mmoja tu hakugeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye nyusi zilizojaa unga. Ndiye Bi Kidawa, mwenye mashine ya kusaga, na lundo lile la pumba lilikuwa lake.

"Umeanguka," alisema.

Mwidau alitoa pumba kinywani. "Sijaanguka, mama. Nimeshuka ghafla."

"Basi panda ghafla, unanilalia mali."

Alijaribu kusimama, magoti yakamkatalia. Bi Kidawa alimshika kwapani akamnyanyua kama mtu anyanyuavyo gunia, akamsimamisha, kisha akaanza kumpiga mgongoni kwa kiganja, pa! pa! pa!, vumbi likifumka kila upande.

"Usinisimamie kama mlingoti na wewe! Mikono unayo. Jikung'ute!"

Mwidau alimgeukia. "Umesemaje?"

"Jikung'ute. Mtu akianguka akasimama, hujikung'uta. Au kwenu mna mtu wa kuwakung'uta?"

Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. *Kujikung'uta.* Lilikuwa na mshindo. Halikusema mtu ameanguka, ingawa halikukana. Halikumtaka mtawala boriti wala msumari. Lilimtaka kila mtu viganja vyake mwenyewe. Machozi yalimlengalenga kwa furaha.

"Mama, neno hili naweza kulichukua?"

Bi Kidawa alilitazama lile koti, ambalo chini ya pumba bado lilionyesha weupe, na hapo ndipo alipotambua kwamba ni mtu wa ikulu. Uso wake ulibadilika. Alimwongoza mpaka nyuma ya mashine, ambako kijana Kibwana alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa vijiti, amekingwa na jua kwa gunia lililotundikwa.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Jua likizunguka ninamburuza, kivuli kikihama ninamburuza tena. Mvua ikija sijui nitamburuza wapi. Neno lichukue, sikuuzii. Lakini ukifika huko kwenu, waambie na habari ya paa."

"Nitawaambia," alisema Mwidau, na wakati ule alikusudia kweli.

"Shemeji," aliita Kibwana kutoka mkekani kwa uchokozi, "usilitie chumvi hilo paa. Sema tu lipo chini."

Ikulu walilipokea neno kama mtoto wa kwanza wa kiume. Mtukufu alilitamka mara moja kwa sauti ndogo, mara ya pili kwa sauti ya hotuba, kisha akajigusa bega kwa ncha za vidole, ambako hapakuwa na vumbi lolote, akatabasamu.

"Linanipendeza. Wao ndio wajikung'ute. Mimi sina cha kukung'uta."

"Lina vumbi ndani yake, Mtukufu," alionya Pakacha. "Na vumbi hutoka chini."

"Vumbi ni lao. Liache."

Mwidau aliona mlango umefunguka kidogo. Alikohoa. "Mtukufu, kuna suala la paa. Pale Tandabui. Watu wako juani, na kuna kijana mmoja—"

"Paa gani?" aliuliza Pakacha kwa sauti yake ya asali. "Mabati mapya yameshaletwa. Hukuyaona?"

Alikuwa ameyaona. Yalipita sokoni juu ya malori, yakimeta, wachuuzi wakayapigia vigelegele, nayo hayakushuka. Yalikwenda moja kwa moja kuezeka jukwaa la sikukuu. Mwidau alimtazama Mtukufu, Mtukufu alimtazama Pakacha, Pakacha alimtazama Mwidau, na katika mzunguko huo wa macho neno Idara ya Pole lilipita bila kutamkwa.

"Nimeyaona," alisema Mwidau. "Yanameta."

Siku hiyo alizawadiwa viatu vipya vyeupe. Aliporudi sokoni kumshukuru Bi Kidawa, kwa maana alijiambia kwamba anakwenda kushukuru tu, mwanamke yule hakusubiri salamu.

"Na paa?"

Mwidau alitazama viatu vyake. Bi Kidawa naye akavitazama.

"Basi," alisema, wala hakusema kwa hasira. Akarudi kwenye mashine yake, akaiwasha, na kelele yake ikamwondoa Mwidau pale kama upepo unavyoondoa ganda la ndizi. Njiani alivivua viatu, akatembea peku mpaka nyumbani, na udongo wa Pepesuko ulikuwa wa moto.

Siku ya Sikukuu ya Wima ikafika. Vifusi vya soko vilikuwa vimefichwa kwa kitambaa kikubwa kilichochorwa soko lenye paa, na chini ya paa hilo la rangi wachuuzi wa rangi walikuwa wakicheka. Mbele yake palisimama jukwaa, limeezekwa mabati mapya, na juu ya jukwaa Baraza lote katika meupe yao, wamesongamana, wanaegemeana. Umati ulijaa uwanja. Watu walikuwa wamekuja kama walivyo, kutoka katikati ya plasta iliyosagika, nywele zimefifia, kanga zimepauka, kope nyeupe. Mwidau alikuwa pembeni mwa jukwaa, na kwa mara ya kwanza aliomba neno lake lishindwe.

Mtukufu Mhimili alisogea mbele.

"Ndugu wananchi! Wenye wivu wanauliza Pepesuko inafanya nini. Nami ninawajibu kwa neno moja." Aliinua mikono. "Tujikung'ute!"

Upepo uliipiga ile picha ya soko, wachuuzi wa rangi wakatikisika.

"Nasema, tujikung'ute!"

Hata leo hakuna ajuaye kama Bi Kidawa alifanya kwa makusudi au kwa utii. Wapo wanaosema uso wake haukuonyesha chochote. Alikuwa safu ya mbele. Aliifungua kanga yake ya juu, akaishika pembe mbili, akaikung'uta mara moja kwa nguvu zote za mikono iliyozoea kunyanyua magunia. Wingu la unga na plasta liliruka likampiga Bwana Pakacha usoni.

Pakacha alipiga chafya. Na chafya ile ilikuwa kama ruhusa.

Uwanja mzima ulianza kujikung'uta. Watu walipiga mabega, mapaja, makalio. Wanaume walivua kofia wakazipiga magotini. Akina mama walikung'uta kanga, wauza mkaa walikung'uta magunia, mwenye mkeka alikung'uta mkeka. Askari walipotazamana kuulizana la kufanya, mkubwa wao alikumbuka kwamba amri ya Mtukufu ni amri, nao wakaweka virungu chini wakajikung'uta kwa mpangilio, kushoto, kulia. Kundi la wachuuzi waliona kitambaa kile cha picha nacho kimejaa vumbi. Wakakiteremsha, wakakishika pembe kama shuka la harusi, wakakitikisa, soko la rangi likapanda na kushuka, na nyuma yake vifusi vikaonekana vilivyo. Vumbi lilipanda, likafunika jukwaa, likafunika jua. Ndani yake zilisikika sauti za kukohoa na Mtukufu akipaza sauti, "Basi! Inatosha! Mmeshainuka!" lakini neno likishatoka halina hatamu.

Lilipotulia, juu ya jukwaa walikuwepo watu wa rangi moja. Majoho, makoti, nyuso, ndevu, vyote vilikuwa rangi ya udongo. Joho refu halikutambulika, maana waliolibeba walikuwa wamelitupa na kukimbia, na katika msongamano wengi walikuwa wamejifunika kipande chake pua zisijae.

Mkubwa wa askari alipanda, akapiga saluti huku na huku. "Mtukufu ni yupi?"

"Mimi!" walijibu Viegemeo wote kwa pamoja, kwa kuwa nafasi ya namna hiyo haiji mara mbili.

Ndipo sauti ya Bi Kidawa ikapanda kutoka chini. "Vizuri! Tulikuwa tunamtaka huyohuyo Mtukufu. Atueleze mabati yetu yalipitaje hapa yakaenda kukaa juu ya kichwa chake."

Umati ukasogea hatua moja mbele.

"Siye mimi!" walisema wote kwa pamoja.

Na Mwidau, aliyekuwa karibu kuliko mtu yeyote, aliapa baadaye kwamba katika zile sauti aliisikia wazi sauti ya Mtukufu mwenyewe. Ilikuwa ya kwanza.

Magari ya ikulu yalikuja mbio, watu wa rangi ya udongo wakajirundika ndani, wakasukumana, milango ikafungwa kwa tabu, yakaondoka. Kama kuna aliyeachwa, vumbi la magari lilimfunika.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba Mtukufu Mhimili yu wima kuliko wakati wowote. Na kweli, kwenye roshani ya ikulu alionekana mtu katika joho jipya jeupe, akipunga mkono. Wengine walisema shingo yake imekuwa fupi kidogo. Wengine walisema ni umbali. Neno *kujikung'uta* lilipigwa marufuku asubuhi hiyohiyo, lakini ilikuwa vigumu kulitekeleza katazo hilo, maana watu hawakuwa wakilisema. Walilifanya tu. Gari jeupe likipita mtaani, mtaa mzima ulisimama ukajipiga mabega, taratibu, bila kutabasamu, mpaka lilipokwisha kupita. Baada ya siku kadhaa magari meupe yaliacha kupita kwenye mitaa.

Mwidau hakurudi ikulu. Siku ile ya vumbi alishuka jukwaani akiwa wa rangi moja na wengine, akatembea katikati ya watu bila mtu kumwona, na hajapata kuona raha kama ile. Alikwenda kwa Bi Kidawa, akasimama mbele ya mashine mpaka ilipozimwa.

"Sikuwaambia na paa," alisema. "Nilisema mabati yanameta."

"Najua," alisema Bi Kidawa. "Unaweza kushika nyundo?"

"Hapana."

"Shika ngazi."

Wachuuzi walikuwa wameanza kulibomoa jukwaa. Askari waliokuwa wakililinda walisema hawana amri ya kuzuia, na kwamba wanasubiri kwanza ijulikane amri inatoka kwa nani. Bati moja moja lilihama kutoka jukwaani kwenda sokoni, juu ya nguzo ambazo mafundi walizikita chini sana, zaidi ya udongo laini, walikopata mwamba. Kibwana alisogezwa na mkeka wake, akawa msimamizi, akitoa amri nyingi kuliko walivyohitaji.

Kazi ilikuwa imefika katikati siku moja saa za mchana, nusu ya soko ikiwa na kivuli na nusu ikiwa juani, alipotokea mtu kutoka upande wa mto. Alikuwa wa rangi ya udongo tangu unyweleni hadi vidoleni, udongo uliokauka ukapasuka, na nguo aliyoivaa ilikuwa ndefu mno, imekatika upande. Alisimama mpakani mwa kivuli. Aliomba maji. Alipewa, akanywa akiwa amesimama, ingawa kulikuwa na kigoda karibu naye.

Kisha akainua macho. "Mwidau," alisema. "Wewe unanijua. Waambie."

Mwidau aliikamata ngazi kwa mikono miwili. Sauti aliijua, au alidhani anaijua. Uso ulikuwa wa kawaida kabisa. Nyundo zilinyamaza. Kule kilimani, kwenye roshani, mtu wa joho jeupe alikuwa akipunga mkono kama kila siku.

"Ninamjua mwenye joho jeupe," alisema Mwidau. "Wewe bado sijakuona."

"Mimi ndiye Mhimili!"

Hakuna aliyecheka. Bi Kidawa alitoka nyuma ya mashine, akijifuta unga kwenye nyusi, akamtazama mgeni kwa makini, kama anavyotazama mahindi ya mtu asiyemjua.

"Si jambo gumu, baba," alisema. "Kama ndiye wewe, jikung'ute, tukuone."

Mtu yule alitazama mkono wake. Aliutazama huku na huku. Akauinua, akaupiga kifuani mara moja, kidogo tu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba asiyokuwa na hakika kama ina watu. Vumbi kidogo lilitoka likaelea juani. Watu walinyoosha shingo. Pale mahali vumbi lilipotoka hapakuonekana weupe. Palionekana vumbi jingine, la zamani zaidi, au labda ni kivuli cha bati kilichokuwa kikipita.

Alijitazama kifuani. Macho yakamtoka.

"Piga tena," alisema Kibwana kutoka mkekani, kwa upole. "Usiogope."

Lakini mkono ulibaki hewani, umekunjuka, haushuki wala haupandi, na soko zima, juani na kivulini, likasimama kungoja.